Alama za Konokono

Ipo siku moja isiyonitoka akilini, mwanangu, hata sasa ambapo mengi yananitoka: majina ya watu, mahali nilipoweka miwani, kama nimemeza dawa ya magoti au bado. Ni siku ambayo baba yangu alicheza bao la ajua na mwalimu wangu nje ya wodi, mimi nikitetemeka ndani ya blanketi, na masomo yangu ndiyo yaliyokuwa yakishindaniwa. Nitakusimulia yote, ila polepole. Nimefundisha sayansi miaka mingi kuliko uliyoishi, nimechoka, na aliyechoka hasimulii mbio.

Nimekuita tena leo nikusimulie kwa sababu ya ulichonionyesha Jumamosi ulipokuja kunisalimu hapa Rongo. Wewe ni mtoto wa dada yangu, lakini tangu uwe mwalimu kule Migori nakuona kama mtoto wangu wa kazi pia. Ulitoa simu ukanionyesha mchezo uliowatungia wanafunzi wako wa sayansi: maswali ya mimea na sumaku, nyota kwa anayejibu, vikombe vya dhahabu, na majina ya darasa zima yakipanda na kushuka kwenye kioo. Ulifurahi mpaka chai ikapoa. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani mama mkubwa haelewi mambo ya kisasa. Nilielewa sana. Nimewahi kuwa wa kwanza kwenye ubao kama huo, na karibu unigharimu shule.

Mimi nilizaliwa hapa hapa, katikati ya miwa. Nilipoingia darasa la sita, waya alimwomba baba amwachie mimi. Waya ni shangazi, dada wa baba, na kwetu shangazi akimwomba kaka yake mtoto, kaka hukohoa, hutazama pembeni, kisha hukubali. Waya alikuwa ameolewa Sindo, kando ya ziwa, anaanika na kuuza omena, wale dagaa wetu, na watoto wake wote walikuwa wavulana. Baba alikubali kwa sharti: nisome, na nisiingie ziwani. Baba alikuwa mtu wa shamba. Ziwa alilitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani, hata akitikisa mkia.

Kule Sindo nilikuwa kichekesho. Wenzangu waliogelea kabla hawajajua kuhesabu, nami nilikuwa naogopa hata kuchota maji mahali yanapofika kwenye vifundo vya miguu. Waliniita Nyar Niang', binti wa muwa. Mwanzoni nililia. Baadaye nilizoea, lakini kuzoea jina si kulipenda, na mtoto anayechekwa kila siku hutafuta mahali pa kushinda, popote pale, kwa bei yoyote.

Mahali hapo palikuwa somo la sayansi. Tulifundishwa na kijana mgeni, Mwalimu Okumu, mrefu, suruali yake nyeupe kwa chaki mpaka magotini. Walimu wengine walifundisha kwa fimbo na hawakuona haya kusema hivyo. Somo lake lilikuja baada ya chakula cha mchana, saa ambayo paa la mabati huchemka na harufu ya omena hulaza hata mbwa, na yeye alijua fimbo haitatuamsha. Kwa hiyo alitugeuza kuwa timu. Alitugawa makundi manne akayapa majina ya samaki wa ziwa: Ngege, Mumi, Fulu na Kamongo. Kwenye pembe ya ubao alichora nyumba ya kila kundi, na pembe hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuifuta. Jibu sahihi, alama. Ukileta kiumbe na kutaja sehemu zake, alama zaidi. Darasa liliamka, mwanangu. Nasema kweli, liliamka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Na Ijumaa kundi lililoongoza lilipewa pakruok. Wewe umekulia mjini, labda umeiona kwenye harusi tu: wimbo unasimamishwa, mtu anainuka, anajisifu yeye na rafiki zake na kwao alikozaliwa, watu wanashangilia, kisha wimbo unaendelea. Darasani kwetu muziki ulikuwa wa kupiga madawati. Aliyechaguliwa na kundi lake alipiga kelele, "Simamisha!" madawati yakanyamaza, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na mtu mkubwa kuliko yeye katika Sindo nzima. Mimi nilikuwa Kamongo. Kamongo walikuwa wa mwisho kila wiki, na hawakunificha kwamba waliona sababu ni mimi.

Basi tukafika kwenye magonjwa ya maji. Mwalimu Okumu alituchorea kichocho, ugonjwa ambao wengi huuita bilhazia. Alichora ziwa, konokono na mguu wa mtu. Akatueleza kwamba mnyoo mchanga hutoka kwa konokono, huogelea, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hukua ndani yake na kutaga mayai. Mayai hutoka na choo, na choo kikifika ziwani yanaanguliwa na kumtafuta konokono mwingine. Alieleza vizuri sana. Kisha akasema kesho yake kila anayeweza alete gamba la konokono tulitazame.

Magamba yalikuwa tele mchangani, makavu, hayana dhara. Tuliokota mpaka yakaisha karibu. Ndipo mvulana mmoja wa Fulu akaleta konokono mzima, hai, ndani ya mkebe wa maji. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Alimtia kwenye chupa ya kioo, tukamzunguka, tukamwona akitoa pembe zake taratibu na kutambaa kwenye kioo. Hakuna mchoro uliowahi kutufundisha kama ile chupa. Kwa furaha ile ile mwalimu akawapa Fulu alama nyingi kuliko za gamba. Hapo ndipo mchezo ulipogeuka, na hakuna aliyeona, si yeye, si sisi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeinama tena kuokota gamba.

Sasa sikiliza hapa, kwa maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Alhamisi mwalimu aliuliza mnyoo wa kichocho humwingiaje mtu. Niliinua mkono mimi. Nikataja kila hatua bila kusita, konokono, maji, ngozi, damu, ini, utumbo, choo, maji tena. Kamongo wakapata alama, wakanipigia makofi kwa mara ya kwanza. Na jioni ile ile, jua likiwa bado juu, nilikwenda kwenye mafunjo upande ambao watu hawaogi, nikakunja gauni, nikaingia majini. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilianzia magotini nikaishia kiunoni, mimi niliyekuwa naogopa vifundo, nikipapasa mashina na kubandua konokono mmoja mmoja. Miguu ilianza kuniwasha. Nilijikuna nikaendelea. Nilijua habari za yule mnyoo kwa ajili ya alama. Sikuzijua kwa ajili ya mguu wangu mwenyewe. Watu wawili wanaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja namna hiyo bila kusalimiana.

Ijumaa Kamongo waliongoza, na walinichagua mimi. Nilikuwa nimetunga maneno yangu tangu nikiwa majini.

"Simamisha!" nilisema. "Mimi ndiye Nyar Niang', binti wa muwa wa Rongo! Mjukuu wa mwanamke aliyezaa mapacha akaenda kulima kesho yake! Rafiki wa Kamongo, samaki asiyekufa ziwa likikauka! Konokono wa Sindo wakisikia jina langu wanafunga mlango!"

Madawati yalilia nikafikiri yatapasuka. Mwalimu Okumu alicheka mpaka akafuta macho. Sijawahi kushangiliwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu, Mungu amrehemu, alilijua hilo akanitania nalo mpaka alipokufa.

Homa ilikuja wiki kadhaa baadaye, wakati nilikuwa nimeshasahau mafunjo. Waya alisema ni malaria, kama ambavyo kila homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, akanipa dawa yake. Haikushuka. Nikaanza kukohoa, tumbo likanikata, na asubuhi moja waya aliona damu nilikotoka kujisaidia. Alinibeba mgongoni mpaka kituo cha afya akiwa bado na magamba ya omena mikononi.

Daktari aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Rongo. Akatikisa kichwa. Alimweleza waya kwamba watoto wa pwani ya ziwa wamo majini tangu utotoni, miili yao hupambana na yule mnyoo kimyakimya kwa miaka. Lakini mgeni akiingia mara ya kwanza na kuingiliwa na wengi, mwili hushtuka kama nyumba iliyovamiwa. Akanipa vidonge vikubwa, vichungu, vilivyonitapisha. Akasema nitapona, lakini nikae wodini kwanza. Waya alituma habari kwa baba kupitia mama mmoja aliyekuwa akipeleka omena soko la Rongo.

Mwalimu Okumu alikuja mchana. Siku ya kwanza alikaa tu kwenye kiti akikunja na kukunjua kofia yake. Alipokuja tena alisema ameifuta ile pembe ya ubao. Hakutakuwa na makundi, hakutakuwa na pakruok, atafundisha kwa fimbo kama wenzake, kwani fimbo angalau haimpeleki mtoto ziwani. Alisema kwa uchungu, macho yakitazama sakafu.

Nilikuwa mgonjwa, na mgonjwa hupewa ruhusa ya kusema asiyoruhusiwa mzima. Nikamwambia, "Lakini mwalimu, mimi nilikuwa najua hiyo mnyoo. Nilikuambia yote. Mbona sasa niliingia?"

Alifikiri sana, akaondoka. Siku iliyofuata alirudi amebeba ajua kwapani, bao letu lile la mashimo, aliloazima kwa mlinzi wa kituo. Akanitoa nje nikaota jua kwenye benchi, nimejifunika blanketi, akaliweka bao kati yetu. Akasema leo tumfuate huyo mnyoo kwa kete: shimo hili ni ziwa, hili ni konokono, hili ni mguu wako wewe, Awino, si mguu wa kwenye ubao. Tulikuwa tunasogeza kete hivyo, nami nimeanza kutabasamu kidogo, baba alipotokea langoni.

Alikuwa amesafiri usiku kucha na asubuhi yote. Matope yalikuwa yamemkauka mpaka magotini. Aliniona nilivyokonda, akaliona bao, akamwona mwalimu ameinua mkono wenye kete.

"Bado mnacheza?" alisema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana niliogopa. "Mtoto anakufa, na nyinyi bado mnacheza?"

Mwalimu alisimama akaondoa kofia. Baba hakumpa mkono. Aliniambia nikavae nguo zangu, tunaenda nyumbani, habari ya shule imeisha. Waya alianza kusihi. Baba akamnyamazisha: "Wewe dada yangu nyamaza. Tulikubaliana nini? Nilisema asome na asiingie ziwa. Sasa ameingia ziwa kwa sababu ya kusoma."

Nami nilijua maana yake, mwanangu, ingawa nilikuwa mdogo. Msichana aliyetolewa darasa la sita wakati ule hakurudi. Binamu yangu mkubwa alitolewa apumzike muhula mmoja, akapalilia miwa, akaolewa. Niliuona ule mstari wa miwa ukinisubiri, na nilitamani homa inizidi kuliko kwenda.

Mwalimu alianza kusema, "Mzee, kosa ni langu, lakini mtoto—"

"Lako, ndiyo," baba alimkata. "Unajua ajua wewe? Unaibeba tu. Mtu wa ajua akiinua kete ya kwanza, ameshaona ya mwisho itaanguka shimo gani. Wewe uliinua tu. Alama, alama, watoto wanakimbia, unafurahi. Hukuangalia ya mwisho itaangukia nani. Iliangukia mtoto yangu."

Mwalimu Okumu aliinamisha kichwa. Mimi nimekaripiwa na wakubwa wengi maishani, wakaguzi, wakuu wa shule, mama mkwe pia, lakini sijawahi kusikia karipio fupi lililoingia ndani kama lile. Na halikuwa langu.

Baba alikuwa na udhaifu mmoja. Soko zima la Rongo lilimjua kwa ajua. Wazee walimkwepa Jumapili ili wasiende nyumbani na aibu. Alipoinama kunishika mkono aliliona lile bao, akaona kete zilivyokaa, akaona shimo ambalo mwalimu alitaka kuliinua. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyesikia wimbo ukiimbwa vibaya kanisani. Akakaa kwenye benchi.

"Kaa hapo," alimwambia mwalimu. "Nitacheza na wewe, ndiyo ujue kufungwa inakaa aje. Nikikufunga, usinifuate na maneno ya shule tena. Mimi na mtoto tunaenda."

"Na mimi nikikufunga, mzee?"

"Hutanifunga."

Hakumfunga. Kama ingekuwa hadithi ya kubuni ningekuambia kwamba mwalimu alishinda kwa ujanja wa hesabu. Baba alimla kete kama kuku anavyodonoa mahindi uani. Mkono wake ulizunguka bao bila kutazama, na mwalimu alikaa kila zamu akifikiri, akitokwa na jasho, akiinua shimo ambalo hata mimi niliona si lenyewe. Mlinzi alikuja akasimama, daktari akaegemea mlango, waya akashika kichwa. Mwisho upande wa mwalimu ulibaki mtupu kabisa. Nilivuta blanketi nikajifunika uso, nikalia bila sauti.

Nilimsikia baba akisimama na kujipangusa. Nilisubiri kumsikia mwalimu naye akisimama. Sikusikia.

"Mzee," alisema mwalimu, "nionyeshe nilikosea wapi."

"Nini?"

"Sisemi habari ya shule. Umeshinda. Nataka tu kujua nilikosea wapi."

Nilifunua jicho moja. Baba alikuwa amesimama akimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipofichwa. Mwalimu hakuwa na mtego. Alikuwa amekaa pale pale, mikono wazi juu ya magoti, mtu mwenye cheti na viatu, mbele ya wagonjwa na mlinzi wa lango, anasubiri kuonyeshwa. Kuuliza si ujinga, husema Waswahili, lakini ni wangapi umewaona wakiuliza baada ya kushindwa hadharani?

Baba alikaa tena. Alianza kurudisha kete kwenye mashimo yake, kwa kumbukumbu tu, mpaka bao likarudi lilivyokuwa katikati ya mchezo. Akagusa shimo. "Hapa. Uliona kete mingi ukafurahi. Mimi ndiye nilikuwekea."

"Na kama ningeinua hii?"

"Hiyo?" Baba alifikiri. "Hiyo ungenisumbua."

Wakacheza tena kutoka hapo. Mwalimu akakosea mbele zaidi, akauliza tena, baba akarudisha tena. Mwanangu, mimi sikuwahi kumwona baba akimfundisha mtu. Nyumbani aliamuru, na tulijifunza kwa kukwepa mkono wake. Mchana ule alieleza, akarudia, akasema "jaribu mwenyewe," na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua. Kivuli cha paa kilitufikia miguuni wakiwa bado wameinama.

Kisha baba, bila kuinua kichwa, alisema, "Na hii mnyoo yako inaingia aje?"

Mwalimu akamwonyesha kwa zile kete: ziwa, konokono, maji, mguu, tumbo, choo, ziwa. Baba alifuata kwa kidole shimo kwa shimo, akazunguka bao zima akarudi alipoanzia. Alikuwa amekuja akiamini nimeangaliwa kwa jicho baya, hilo alikiri kwangu miaka ya baadaye. Akauliza, "Sasa ukitaka kumfunga yeye, unaziba shimo gani?"

Mwalimu alinigeukia mimi. "Awino?"

"Choo, mwalimu," nilisema kutoka ndani ya blanketi. "Choo kisifike ziwani. Na mguu. Mguu wangu usiingie."

Hakuna aliyeniandikia alama. Hakuna aliyepiga dawati. Lakini siku hiyo nililijua jibu lile, na sijalipoteza.

Baba alikusanya kete akazitia zote katika shimo moja. Akamwambia waya, si mwalimu, "Walimu walionifundisha mimi, ukikosea wanakuchapa. Hata mmoja hakuniuliza yeye mwenyewe amekosea wapi. Huyu ameuliza." Akakohoa, akatazama pembeni. "Awino abaki."

Halafu akanigeukia akanionya kwamba nikiingia ziwani tena atakuja na fimbo, hatakuja na ajua. Nililia kwa sauti sasa, na waya akalia, na mlinzi akaomba bao lake.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Sikusimulii haya ili uitupe simu yako. Mwalimu Okumu alitaka kuitupa michezo, na baba, bila kujua, alimkataza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliporudi darasani nyumba zile nne zilikuwa zimechorwa upya, lakini sasa Ngege, Mumi, Fulu na Kamongo wote walikuwa upande mmoja wa bao, na upande wa pili alikaa mnyoo. Tulipata alama kwa mambo ya ajabu: kumfanya jirani achimbe choo, kumzuia mdogo wako kuoga kwenye mafunjo. Alama zilikuja polepole, na pakruok ilichelewa, na wengine walichoka wakalala tena usingizi wa mchana. Wala kichocho hatukukimaliza, usidhani. Watoto wa kando ya ziwa wanameza vidonge mpaka leo. Mimi mwenyewe nimefundisha mzunguko wa yule mnyoo kila mwaka wa kazi yangu, nikastaafu nikamwacha palepale, ananenepa. Ndiyo maana unaniona nimechoka. Si umri peke yake.

Lakini wewe bado una nguvu, kwa hiyo chukua ninachokupa. Usitoe nyota kabla hujakaa peke yako ukaifuata mpaka mwisho: mtoto anayeitaka sana nyota hii ataifanyia nini, na atafika wapi akiifuata? Usimwulize mtoto mwerevu, huyo ataipata bila shida. Mfikirie yule anayechekwa. Yeye ndiye atakayeingia majini. Jumamosi, ukiwa unaaga, ulinitajia kwa kucheka msichana wa mwisho kwenye orodha yako ambaye siku hizi anaumwa tumbo kila Ijumaa, siku ya kutangaza majina. Mimi sikucheka. Huyo mtoto anakuonyesha kete yako ilipoangukia, na anakuonyesha kwa adabu kubwa, kwa sababu angeweza kuacha kuja kabisa.

Na mchezo wako uwe na mlango wa kurudi. Aliyekosa jibu asishuke tu jina lake mbele ya wenzake. Arudishiwe kete, aone alipokosea, ajaribu tena kutoka hapo. Sayansi yote ni hiyo, mwanangu, hata wakubwa wake waliovumbua mambo. Walikosea, wakarudisha kete, wakatazama. Mtoto anayeogopa kukosea atakariri mnyoo mzima na asimwone kwenye mguu wake.

Mwisho, na hili ndilo gumu. Jumatatu utakaposimama mbele yao, waambie umekosea mahali fulani katika mchezo huu, na uwaombe wakuonyeshe wapi. Watashtuka. Wengine watacheka. Waache wacheke, nawe ungoje, hata ukiona aibu.

Haya, nenda, jua linaniumiza macho na uji umeiva. Nyasaye akulinde barabarani na darasani. Akupe sauti isiyokauka kwa chaki na magoti mazuri kuliko haya yangu. Watoto wa watu waliowekwa mikononi mwako warudi kwao wazima, wote, wa kwanza na wa mwisho. Na Mungu akujalie wanafunzi watakaokushinda, mwanangu, na siku hiyo akupe moyo wa kubaki umekaa na kuwauliza wamekushindaje.